Peni ya zamani imebadilika rangi: isome kabla hujashika ndimu

Peni ya kwanza niliyoiharibu kwa mkono wangu ilikuwa ya mwaka 1936: senti kumi ya Afrika Mashariki, ile kubwa yenye tundu katikati, jina la Edward VIII likiwa limezunguka ukingoni. Mfalme huyo hakumaliza mwaka kitini. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla hajatawazwa. Sarafu zetu za tundu hazikuwa na nafasi ya uso wa mtu, jina lilitosha, ndiyo maana zilipigwa na kusambazwa ilhali kwao Uingereza zile zenye uso wake hazikuingia kwenye mzunguko. Yangu ilikuwa ya kahawia iliyoiva, rangi ya halua, na doa dogo la kijani karibu na ncha ya pembe ya ndovu. Nikachukua ndimu na majivu, kama sinia za shaba zilivyosuguliwa nyumbani kwetu Idi ikikaribia. Dakika mbili tu ikawa inang'aa, rangi ya waridi. Wiki tatu baadaye doa la kijani likarudi palepale. Ile rangi ya halua haijarudi mpaka leo.

Nilitoa dawa bila kuujua ugonjwa. Na baya zaidi, niliondoa kitu kizuri nikaacha kibovu, kwa sababu ile kahawia ilikuwa ngozi ya sarafu, na doa lilikuwa limeota mizizi chini yake. Tangu hapo, mtu akinionyesha peni yenye rangi ya ajabu namwomba aiweke mezani kwanza. Rangi nyingi za shaba hazitaki dawa yoyote. Mbili tu ndizo za kukimbiliwa, na zote mbili ni za kijani.

Nazungumzia sarafu tunazozipata huku kwetu, kwenye mikebe ya mabibi, kwenye kuta za nyumba zinazobomolewa, mashambani na ufukweni. Kuna peni, senti tano na senti moja za Afrika Mashariki, ambazo tangu 1921 na 1922 zilipigwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati na zinki kidogo. Kuna pesa, sarafu ndogo za shaba, za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882, zenye picha ya mizani. Kuna pesa za kampuni ya Kijerumani za 1890 hadi 1892, na heller zilizofuata kuanzia 1904, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Peni za Uingereza nazo huingia humo humo, na shaba ni shaba, huugua kwa namna ileile.

Kabla ya kusema ni nini

Keti dirishani mchana, mwanga uje kwa ubavu. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, uitazame kwa lenzi ya kukuza. Kisha jiulize: rangi imelala bapa juu ya shaba au imeinuka kama upele? Ukiigusa kwa ncha ya mwiba wa mlimau, inatoka unga, inavutika kama gundi, au haibanduki? Imejaa kwenye mashimo ya herufi au imekaa juu ya sehemu zilizoinuka? Na je, ilikuwepo mwezi uliopita? Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa hiyo piga picha kila sarafu siku unayoipata. Picha ya simu inatosha.

Mwiba nausema kwa makusudi. Sindano ya chuma huchora shaba, na mchoro huo hauondoki tena.

Imekuwa kahawia, au hudhurungi ya kukolea, kote sawasawa

Haina tatizo. Shaba mpya ni nyekundu yenye mng'ao wa machungwa. Ikikaa na hewa hujivika utando wa oksaidi, na utando huo ukitulia huikinga shaba iliyo chini. Miaka themanini ya kupita mikononi ndiyo iliyoleta rangi hiyo. Iache.

Imekuwa nyeusi

Hapa kuna njia kadhaa. Ikiwa nyeusi imekaa kama mstari mmoja ulionyooka unaokata sarafu katikati, mtu aliifunga kwa mpira. Mipira ya kufungia noti ina salfa, na salfa ikikutana na shaba huzaa utando mweusi. Mstari huo hautoki bila kuondoa na ngozi yenyewe. Ikiwa weusi umetanda upande mmoja tu, tazama ilikolalia: bahasha za karatasi duni na sufu hutoa salfa vilevile. Dawa ni kuihamisha.

Ikiwa weusi unabanduka kama magamba, na herufi zimelegea kana kwamba zimelambwa, sarafu ilipita motoni. Nyumba nyingi za makuti ziliungua na mikebe yake ndani. Sarafu ya namna hiyo haiponyeki, lakini pia haiendelei kuharibika. Nina pesa ya Barghash iliyoungua hivyo, mizani yake inaonekana nusu, na sijawahi kufikiri kuitupa.

Vitone vyeusi vidogo vya duara kwenye sarafu ambayo bado ni nyekundu vina chanzo cha aibu: mate. Mtu anazungumza huku ameinamia mkusanyiko wake, chembe zinaruka, na baada ya miezi kila chembe imeacha kitone. Alama za vidole hutokea kwa njia hiyo hiyo, kwa chumvi na asidi ya jasho. Ukimwonyesha mgeni sarafu nyekundu, mpe kitambaa kwanza na hadithi baadaye.

Halafu kuna weusi uliotoka kiwandani. Peni za Uingereza za 1944 hadi 1946 zilitiwa rangi ya giza na kiwanda chenyewe cha kupigia sarafu. Wakati wa vita bati lilikuwa adimu, likapunguzwa kwenye bronzi, na bronzi hiyo ilikuwa ikichakaa kwa mabaka. Wakaona heri wazitie giza mapema kwa dawa. Farthing, yaani robo peni ya Uingereza, za 1897 hadi 1917 nazo zilitiwa weusi, ili mtu asije akapewa farthing inayong'aa akidhani ni nusu sovereni ya dhahabu. Weusi wa kiwandani ni laini, umeenea mpaka ndani ya mashimo ya herufi, na herufi zenyewe ni kali. Nimeona watu wakiusugua wakidhani ni uchafu. Tafadhali soma mwaka kwanza.

Ina rangi za upinde wa mvua

Zambarau, buluu, dhahabu, zikipishana kama mafuta juu ya dimbwi. Ni utando mwembamba mno, na unene wake ndio unaoamua mwanga upi urudi machoni. Ikiwa rangi zinapanda taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati, na zinapita juu ya herufi bila kukatika, yaelekea ni umri na mahali ilipokaa. Ikiwa zimekusanyika kama madimbwi, ni kali mno, na chini yake shaba inaonekana imesuguliwa, mtu ameipika kwa moto au dawa ili aiuze ghali. Usimlipe kwa rangi hizo.

Ina rangi ya waridi

Ndiyo yangu ya 1936. Shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, ukwaju, siki au dawa ya kung'arishia vyombo huwa na waridi bapa, isiyo na kina, na kwenye mashimo ya herufi hubaki masalia ya giza ambayo ndimu haikuyafikia. Baada ya muda hurudia kahawia, lakini kwa mabaka. Hakuna la kufanya ila kuiosha kwa maji safi ili asidi isibaki, kuikausha, na kuipa miaka. Zipo dawa za kuitia kahawia ya haraka; sizitumii, na ukinunua kwa mtu aliyezitumia una haki ya kuambiwa.

Vidoa vya waridi kwenye sarafu ya manjano ni jambo lingine kabisa. Shaba ya manjano ina zinki, na asidi huila zinki kwanza ikaiacha shaba nyekundu peke yake. Hapa mwenye sarafu za Tabora awe macho. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari, walipiga sarafu za dharura huko Tabora, na heller 20 zilitoka za namna mbili: nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano. Ukiwa nazo mbili usidhani moja imebadilika rangi. Zilizaliwa hivyo. Lakini ya manjano yenye madoa ya waridi imelambwa na asidi, iwe ya ndimu au ya ardhini.

Ina kijani

Hapa tutulie, kwa sababu wengi huita kila kijani kutu, na ndani ya jina hilo mna vitu vinne visivyofanana.

Cha kwanza ni kijani kigumu, cha kukolea, kilichoshikamana na shaba kama rangi ya ukutani. Ukikigusa kwa mwiba hakijali. Ni kabonati ya shaba, mara nyingi imezaliwa ardhini polepole, na imetulia. Pesa nyingi zinazofukuliwa mashambani zinayo. Ukiing'oa utakuta chini yake shimo, kwa sababu ile kijani ndiyo shaba iliyokuwa pale. Iache, hata kama inaficha herufi moja mbili.

Cha pili ni kijani laini cha nta, kilichojazana kwenye mashimo ya herufi na ukingoni mwa tundu. Hicho ni mafuta. Mafuta ya mikono, ya chakula, na hasa mafuta ya nazi ambayo watu hupaka sarafu wakitaka zing'ae, yana asidi za mafuta, nazo zikikaa na shaba hufanya kitu kama sabuni ya kijani. Kwa hiyo usipake nazi, wala zeituni, hata kama umeambiwa na mtu mzima unayemheshimu. Kukiondoa, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya bilauri ya kioo kwa saa moja au mbili, kisha chokoa taratibu kwa mwiba. Asetoni iwe ile safi ya dukani kwa kemikali. Ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato ndani yake. Fungua madirisha, na jiko liwe limezimwa, maana inashika moto upesi sana.

Cha tatu kinanata. Ni utando wa kijani unaometameta, kama ute, ulioenea juu ya sarafu iliyokuwa imehifadhiwa vizuri kwenye albamu. Chanzo ni albamu yenyewe. Mifuko ile laini inayonyumbuka, yenye harufu ya koti jipya la mvua, ni ya plastiki ya PVC iliyolainishwa. Ikizeeka kwenye joto hutoa vilainishi vyake na asidi ya hidrokloriki, na vyote vinatua juu ya shaba. Hii ni mojawapo ya zile mbili za kukimbiliwa, na bahati nzuri inatibika. Toa sarafu zote kwenye albamu hiyo leo, hata zinazoonekana nzima. Loweka kwenye asetoni safi, badilisha asetoni mara mbili au tatu, acha ikauke yenyewe bila kufuta. Ukiwahi, shaba chini yake iko salama. Ukichelewa utakuta imechimbika. Badala ya albamu hiyo tafuta mifuko migumu inayolia kama karatasi ukiikunja, isiyo na harufu.

Cha nne ndicho kilichoishinda ndimu yangu. Ni unga mwepesi wa kijani kilichopauka, karibu na buluu, unaoota kama vichuguu vidogo. Ukiugusa unamwagika. Ukiuondoa, chini yake kuna kishimo, na baada ya siku kadhaa umeota tena. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa bronzi, na kwetu tunaoishi karibu na bahari ndio adui mkubwa. Chumvi ina kloridi. Kloridi ikipenya ndani ya shaba hujificha chini ya kutu kama utando wa kijivu usioonekana kwa nje. Hewa yenye unyevu ikiufikia, utando hugeuka unga wa kijani na kuzalisha asidi; asidi inakula shaba nyingine, na shaba hiyo inaungana na kloridi ileile kuanza upya. Haihitaji chumvi mpya. Inahitaji unyevu tu, na unyevu tunao mwaka mzima.

Kama huna hakika, ipime. Weka sarafu kwenye kikopo cha kioo chenye kifuniko, pembeni yake pamba iliyoloweshwa, visigusane, uiache siku moja au mbili. Unga mpya wa kijani ukichipuka, umeshapata jibu.

Tiba yake ni ya subira. Itenge na nyingine zote. Chokoa unga wote kwa mwiba chini ya lenzi, mpaka mashimoni. Kisha iloweke kwenye maji yaliyokenekwa. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, lakini soma kibandiko mara mbili, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu ileile kwenye chupa inayofanana. Usitumie maji ya bomba, mengi yana klorini, wala ya kisima cha pwani. Badilisha maji kila siku wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku chache, kwa mwezi mzima au zaidi. Chumvi hutoka polepole kama ilivyoingia. Ukimaliza iloweke dakika chache kwenye asetoni ili ifukuze maji, ikauke juani kwa saa kadhaa, halafu rudia kipimo cha pamba. Makumbusho yana kemikali kali zaidi za kufunga ugonjwa huu, lakini zina sumu, na chumba cha kulala si maabara.

Hata ikipona, kloridi kidogo hubaki ndani. Kinachoizuia ni ukavu: unyevu wa hewa usiozidi asilimia 40 hivi. Chumba cha Tanga au Lamu hakifiki huko kwa feni wala kwa dua, ila kikopo kidogo kinafika. Mimi hutumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, na ndani yake vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikichoka huvikausha kwenye joto dogo la oveni na kuvirudisha. Kipimo kidogo cha unyevu kinachowekwa ndani ya chupa ni cha bei ya kawaida, na kimeniokolea sarafu nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Ina kutu ya rangi ya matofali kuzunguka tundu

Shaba haitoi kutu nyekundu ya unga. Chuma ndicho hutoa. Senti za tundu zilitungwa kwenye waya na misumari, na waya ukila kutu huacha rangi yake kwenye tundu na kwenye duara la sarafu iliyokuwa jirani. Doa hilo liko juu tu. Loweka kwenye mafuta ya madini yasiyo na harufu ya duka la dawa, wiki mbili au tatu, chokoa kwa mwiba. Kikibaki kivuli, kiache.

Imekuwa nyeupe kama fedha

Chukua sumaku. Ikinasa, kiini chake ni chuma: peni za Uingereza zilizopigwa tangu 1992 ni chuma kilichovikwa shaba, na senti ya Marekani ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki kwa sababu ya vita. Isiponasa, soma mwaka. Senti kumi za tundu za Afrika Mashariki mpaka 1920 zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, na senti moja za 1907 na 1908 ni za alumini; weupe ndio rangi yake halali. Lakini peni ya 1942 iliyo nyeupe imepakwa kitu. Mara nyingi ni zinki ya majaribio ya shule. Ikiwa weupe unateleza na kufifia kwa mabaka huenda ni zebaki, na hapo usiisugue, usiipashe moto kamwe, ifunge kwenye mfuko uiweke mbali na watoto.

Ina michirizi kama ya ubao

Mistari ya kahawia na ya manjano ikienda upande mmoja, ikipita chini ya herufi kana kwamba sarafu imechongwa kwa mti. Madini hayakuchanganyika vyema kabla ya kusukumwa kuwa bamba. Haidhuru kitu. Mimi huzipenda, na wapo wanaozitafuta hizo tu.

Ile ya 1936 bado ninayo. Iko kwenye chupa yake peke yake, kipimo kinasoma 34, na baada ya wiki saba za kulowekwa unga haujaota tangu masika ya mwaka juzi. Masika mengine yakianza naitoa kila Ijumaa, naitazama dirishani kwa lenzi, na kuirudisha kabla hewa haijaizoea.